Somo la Wazazi: Siku ya Mtoto na Siku ya Karafuu



Katika jarida letu hili tumezoea kuzungumza juu ya miche, palizi, majamvi na bei. Safari hii twaomba ruhusa yenu tulete somo la namna nyingine, nalo ni namna ya kupanga siku za kumpeleka mtoto kituo cha afya na kumpatia chanjo zake zote kwa wakati. Huenda mtu akauliza, hili lahusu nini wakulima wa karafuu? Jawabu ni kuwa lahusu sana, kwa sababu kinachoziharibu siku za watoto wetu hapa Pemba mara nyingi si ukaidi wa mzazi, bali ni msimu.

Kila mmoja wetu aijua hali ilivyo. Msimu ukifunguka, nyumba nzima huhamia dago. Baba yuko juu ya mkarafuu, mama yuko chini anachambua, bibi yuko jamvini anaangalia mawingu, na watoto wako kati yao. Kadi ya mtoto imebaki nyumbani ndani ya sanduku. Hakuna aliyeikataa chanjo. Siku imepita tu, na baada ya siku imepita wiki, na baada ya wiki umepita msimu. Basi somo letu ni hili: siku za mtoto zahesabika tangu anapozaliwa, na mkulima anayezihesabu mapema hawezi kushtukizwa na msimu.

1. SIKU ZENYEWE

Ratiba inayotumika kwetu, kwa ufupi, ni hii:

Anapozaliwa: chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu begani, na matone ya kwanza ya kuzuia ugonjwa wa kupooza.

Wiki 6, wiki 10 na wiki 14: sindano ya magonjwa matano kwa pamoja, yaani dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na kijidudu kimoja kinacholeta homa ya uti wa mgongo na homa ya mapafu. Pamoja nayo huja matone ya kupooza, na sindano nyingine ya kukinga homa ya mapafu. Chanjo ya kuharisha, ambayo ni ya kunywa, huanza wiki ya 6. Sindano ya kupooza hutolewa wiki ya 14.

Miezi 9: chanjo ya kwanza ya surua na rubela.

Miezi 18: chanjo ya pili ya surua na rubela.

Juu ya hayo, mtoto hupimwa uzito kila mwezi, hupewa matone ya vitamini A kila miezi 6 kuanzia umri wa miezi 6 mpaka miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 nao wana chanjo yao ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi.

Ratiba si jiwe. Huongezwa chanjo mpya kila zinapopatikana. Hiyo ya homa ya mapafu na hiyo ya kuharisha, kwa mfano, zilianza kutolewa nchini mwanzoni mwa mwaka 2013. Kwa hiyo neno la mwisho ni la kadi na muuguzi wa kituo chako. Sisi twaeleza namna ya kuzikumbuka siku.

2. NAMNA YA KUHESABU

Hesabu ya kwanza ni ya arobaini. Mzazi wetu hutoka ndani siku ya 40. Wiki 6 ni siku 42. Basi kila nyumba ijue kwamba siku 2 baada ya arobaini ni siku ya sindano za kwanza. Shughuli ya arobaini na safari ya kituoni zitayarishwe pamoja, kama vile ubani na chetezo.

Lakini ipo chanjo inayoangukia ndani ya arobaini, nayo ni ile ya kuzaliwa. Mtoto akizaliwa hospitali huipata kabla ya kurudi nyumbani. Akizaliwa nyumbani, asingojewe mama mpaka atoke; baba au bibi ambebe mtoto ampeleke. Na mama mwenyewe ahitaji kutazamwa na mkunga siku za mwanzo, kwa maana siku za mwanzo ndizo zenye hatari kwake na kwa mtoto.

Hesabu ya pili ni ya siku ya juma. Wiki 6, wiki 10 na wiki 14 zote huangukia siku ile ile aliyozaliwa mtoto. Aliyezaliwa Jumatano, tarehe zake tatu ni Jumatano. Kama siku hiyo kituo hakichanji, mpeleke siku ya karibu inayofuata, wala usitangulie. Wiki 4 ndiyo nafasi ndogo kabisa kati ya sindano moja na ya pili. Mwili wahitaji muda huo kujifunza.

Hesabu ya tatu ni ya miezi, na hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Wazee wetu huhesabu umri wa mtoto kwa mwezi mwandamo. Hesabu hiyo ni njema kwa mambo yake, lakini kadi ya kituo hufuata miezi ya kalenda ya serikali. Miezi 9 ya mwandamo ni siku kama 266, na miezi 9 ya kalenda ni siku kama 274. Anayehesabu kwa mwandamo atafika kituoni wiki moja kabla ya siku, aambiwe arudi, na kama katoka dago la mbali huenda asirudi. Kwa miezi 18 tofauti yazidi wiki 2. Basi kwa jambo hili tuishike tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

3. MSIMU NA TAREHE

Sasa tuiweke ratiba juu ya shamba. Msimu mkubwa wa karafuu kwa kawaida huangukia kati ya Julai na Disemba, ingawa kila mwaka una tabia yake.

Tuchukue mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Juni. Wiki 6 zake zatimia tarehe 13 Julai, wiki 10 tarehe 10 Agosti, wiki 14 tarehe 7 Septemba. Sindano zote tatu zimo ndani ya msimu. Miezi 9 ni tarehe 1 Machi, hapo ana nafasi. Lakini miezi 18 ni tarehe 1 Disemba, na msimu wa pili umemkuta.

Tuchukue mwingine aliyezaliwa tarehe 1 Novemba. Wiki 6 ni tarehe 13 Disemba, wiki 10 ni tarehe 10 Januari, wiki 14 ni tarehe 7 Februari. Huyu aonekana kasalimika. Lakini miezi yake 9 ni tarehe 1 Agosti, karafuu zimeshika mtini, na hiyo ndiyo siku ya surua. Miezi 18 ni tarehe 1 Mei, masika yenyewe, na njia za makondeni zajulikana zinavyokuwa.

Mwanachama akae na kalenda ajaribu miezi yote 12. Ataona kwamba hakuna mwezi wa kuzaliwa unaookoka: kila mtoto wa mkulima wa karafuu ana tarehe moja au zaidi ndani ya msimu. Waliozaliwa Oktoba mpaka Machi, surua ya kwanza huwakuta msimuni. Waliozaliwa Januari mpaka Juni, huwakuta surua ya pili. Na waliozaliwa Julai mpaka Septemba, sindano za wiki ndizo zinazoangukia humo. Kwa hiyo kusema "tutampeleka msimu ukiisha" si udhuru wa mtu mmoja mmoja. Ni desturi ambayo ikiachwa humgusa kila mtoto wa kisiwa hiki.

4. KWA NINI SURUA HAINGOJI

Twajua sote kwamba karafuu ina siku yake. Kikonyo kikijaa na kuanza kugeuka rangi, huchumwa. Ukichelewa ua likapasuka, bei imeshuka, na hakuna jua litakaloirudisha. Mtoto naye ana mlango wake wa wakati.

Mtoto huzaliwa na kinga kidogo ya surua aliyoipata kwa mama yake. Kinga hiyo hupungua mwezi baada ya mwezi. Kabla ya miezi 9, ile iliyobaki huweza kuizuia chanjo isishike vizuri. Baada ya hapo, mtoto yuko wazi. Ndiyo sababu ikachaguliwa miezi 9. Hata hivyo, kati ya watoto 100 wanaochanjwa kwa umri huo, kama 85 ndio wanaopata kinga. Hao 15 waliobaki hawajulikani kwa kuwatazama. Sindano ya miezi 18 huja kuwachukua hao. Anayeiacha ya pili kwa kudhani ya kwanza yatosha, huenda akawa mtoto wake ni katika wale 15.

Na sasa mfikirie dago. Watu wa vijiji mbalimbali chini ya mapaa yaliyokaribiana, watoto wakilala safu moja. Surua husafiri kwa hewa. Mgonjwa akitoka chumbani, vijidudu vyake huweza kubaki hewani muda wa saa 2. Tena huambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele kutokea. Maana yake, siku mnayoiona surua kwa mtoto mmoja, dago zima limekwisha kuivuta. Hapo hata mbio hazifai. Na surua si vipele tu: huleta homa ya mapafu, kuharisha, upofu, na uvimbe wa ubongo, na kwa mtoto dhaifu huua.

Ili ugonjwa huu usipate njia, wataalamu wasema watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata sindano zote mbili. Yaani katika dago la watoto 20, akikosa mmoja tumefika mpakani. Wakikosa wawili au watatu, uzio umeshatoboka.

Kuna habari moja yafaa kukumbukwa. Ndui, ugonjwa uliowatisha babu zetu, ulimalizwa duniani kwa chanjo. Mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani ya Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, chanjo iko karibu naye, na akaikwepa. Alieleza baadaye kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Alipona, na mwaka 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Miaka ya baadaye bwana huyu alizunguka nchini kwao akiwahimiza wazazi wawapeleke watoto kupata chanjo ya kupooza, akiwaambia habari yake mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka 2013. Ugonjwa huo wa kupooza bado haujamalizwa. Bara la Afrika lilitangazwa kuwa huru na virusi vyake vya asili mwezi wa Agosti 2020, na mwaka 2022 vikaonekana tena Malawi na Msumbiji, majirani zetu.

5. SIKU IKIWA IMEKWISHA PITA

Mzazi aliyechelewa asione haya. Mambo manne ayajue:

Kwanza, hesabu hairudi mwanzo. Mtoto aliyepata sindano ya wiki 6 akakosa ya wiki 10, akienda hata baada ya miezi ataendelea na ya pili. Ile ya kwanza haikupotea.

Pili, aende mapema iwezekanavyo, kwa sababu siku anazochelewa ni siku anazokaa bila ya kinga, na chanjo nyingine zina kikomo cha umri. Ile ya kuharisha, kwa mfano, haifai tena kupewa mtoto aliyepita miaka 2.

Tatu, kadi ikipotea aende vile vile. Kituo kina daftari lake, na kadi nyingine yaweza kuandikwa.

Nne, si lazima arudi kituo kile alichoanzia. Ukiwa dagoni na kadi unayo, kituo kilicho karibu na dago chaweza kumchanja. Kwa hiyo kadi isibaki sandukuni. Itiwe kwenye mfuko wa nailoni, ifungwe pamoja na vyombo vya safari.

6. MANENO YANAYOSEMWA

"Mtoto ana mafua, tungoje apone." Mafua, kikohozi chepesi au kuharisha kidogo havizuii chanjo. Mpeleke, muuguzi atamtazama na ataamua yeye.

"Sindano mbili tatu kwa siku moja ni nyingi." Mwili wa mtoto hukutana na vijidudu vingi zaidi ya hivyo anapotambaa jamvini asubuhi moja. Zikigawanywa siku mbalimbali, faida yake ni ndogo na safari za mama zazidi.

"Alipochanjwa alipata homa." Homa ndogo ya siku moja au mbili, na uvimbe mdogo palipochomwa, ni mambo ya kawaida. Baada ya surua, homa au vipele vichache huweza kuja kati ya siku ya 7 na ya 12. Homa ikiwa kali au ikikawia, mrudishe kituoni.

"Nilikwenda nikaambiwa nirudi siku nyingine." Malalamiko haya tumeyasikia mara nyingi, na yafaa kueleza sababu yake. Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu huja ikiwa unga, huchanganywa na maji yake, na chupa moja huwa ya watoto wengi. Ikishachanganywa, haikai zaidi ya saa 6, kinachobaki humwagwa. Kwa sababu hiyo vituo vingi huweka siku maalumu watoto wakusanyike. Basi uliza kabla ya kutoka: siku gani ya surua? Muulize muuguzi siku ile ile unapopima uzito, akuandikie kwenye kadi. Hapo hutatembea bure.

7. SIKU AMBAZO HAZINGOJI RATIBA

Ratiba ni ya mtoto mzima. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, aliyelegea asiamke vizuri, au anayepumua kwa kasi huku kifua kikizama ndani, apelekwe kwa daktari saa ile ile, usiku au mchana, hata kama karafuu ziko jamvini na mvua yatanda. Vivyo hivyo mtoto mchanga chini ya miezi 2 mwenye homa, au mwenye mwili wa baridi. Karafuu zikilowa, hasara yake yajulikana kwa kilo.

8. WAJIBU WA MWENYE SHAMBA

Mpaka hapa tumezungumza na wazazi. Sasa twazungumza na wanachama wenye mashamba, maana mama mchumaji hulipwa kwa pishi au kwa kilo, na asubuhi anayokwenda kituoni ni asubuhi asiyolipwa. Tumesikia pia ya kuwa wako wasimamizi ambao mchumaji akitoka siku moja, kesho hukuta mti wake amepewa mwingine. Jambo hili halifai. Hatuwezi kuwahimiza akina mama kuhudhuria na huku tunawaadhibu wakihudhuria.

Chama chaleta mapendekezo haya yazungumzwe matawini kabla ya msimu:

(a) Kila mwenye dago aandike, siku ya kwanza, majina ya watoto wote wa chini ya miaka 2 pamoja na tarehe zao zinazofuata. Ni kazi ya karatasi moja.

(b) Mama mwenye tarehe apewe asubuhi yake bila ya kupoteza mti wake wala nafasi yake.

(c) Gari linalopeleka karafuu kuuzwa lipangwe, kila inapowezekana, liende siku ya chanjo, ili akina mama na watoto wapate usafiri.

(d) Madago makubwa yaliyo mbali yapeleke ombi kituoni mapema, kwa kupitia kwa Sheha, wahudumu waje na sanduku lao la baridi. Huduma hiyo ya mkoba ipo. Lakini wahudumu hawawezi kufika mahali ambapo hawakuambiwa kuna watoto.

Na akina baba tusiwaachie wake zetu kila kitu. Baba anayejua tarehe ya palizi na tarehe ya kufunguliwa kituo cha ununuzi, aweza pia kuijua tarehe ya surua ya mwanawe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MATAWI

1. Mtoto wako mdogo kazaliwa tarehe gani, na tarehe zake ngapi zimo ndani ya msimu ujao?
2. Kadi yake iko wapi leo hii?
3. Kituo kilicho karibu na dago lako ni kipi, na siku yake ya surua ni ipi?
4. Katika tawi lenu, nani ataandika orodha ya watoto, na nani atazungumza na Sheha?

Makatibu wa matawi wanaombwa kuleta majawabu ya swali la 3 na la 4 ofisini kabla ya mwisho wa mwezi wa Juni, ili tuyachapishe pamoja na tangazo la msimu.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama